Kuambukiza Kidogo Tu

Siku watu walipoanza kumkwepa, Mama Lameck alilia.

Ilikuwa msibani, kwa jirani yao pale Njisi. Yeye na wanawake wenzake walikuwa wanaosha masufuria ya kikundi chao cha kusaidiana misibani, yale makubwa ya kupikia wali wa watu mia mbili. Alizamisha mikono kwenye maji ya sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, na alipoitoa, vidole vilikuwa vyekundu, vimepasuka kwenye maungio, na mgongo wa kiganja umenyanyuka magamba kama samaki aliyeparwa nusu halafu mparaji akaitwa kwingine. Muwasho ukampanda. Akavumilia, akavumilia, mwishowe akajikuna hapo hapo kwa mdomo wa sufuria.

"Wifi," akasema Doreen, dada wa mumewe, akirudi nyuma hatua mbili na kitenge chake amekikusanya mkononi. "Hiyo nini?"

"Sijui. Inawasha tu."

"Basi weka hilo sufuria chini. Polepole. Usilifute."

Mpaka jua linazama hakuna aliyemkaribia. Kikombe alichonywea chai alikiona baadaye kimetupwa nyuma ya jiko, kizima, na kishikio chake. Akarudi nyumbani akalia. Mumewe Eliud, mkulima wa kakao asiye na maneno mengi, alimtazama kwa muda, akamwambia, "Itapona," kisha akarudi kugeuza kakao zake kwenye mkeka.

Haikupona. Ila msiba uliofuata ulimfundisha jambo.

Alipofika tu, wenzake wakamkimbilia, lakini wakasimama kwa mbali. "Pumzika, Mama Lameck. Wewe kaa." Akaletewa kiti cha plastiki chenye mikono, kiti ambacho kwa kawaida hukalia wazee wa kanisa. Akapakuliwa wa kwanza, maana nani angekubali ashike upawa? Akawa amekaa kivulini na sahani ya wali na vipande vitatu vya nyama, anawaangalia wanawake wenzake wamechuchumaa kwenye moshi wakisugua masizi, jasho linawatiririka mgongoni. Kitu fulani moyoni mwake, kilichokuwa kimelala tangu alipokuwa msichana mtundu wa darasa la nne, kikaamka na kujinyoosha.

Jumapili kanisani alijikuta na benchi zima peke yake. Wengine walibanana saba saba, katika joto lile la Kyela ambalo linafanya hata nyimbo za Bwana ziimbwe kwa haraka; yeye aliweka mkoba upande huu na mwavuli upande ule. Bombani akipanga foleni, foleni inafunguka yenyewe. "Mpisheni, mpisheni apite zake." Anajaza ndoo, anasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, kwa unyenyekevu mkubwa, anaondoka.

Na Doreen. Doreen alikuwa na tabia ya kuazima asirudishe. Nyumbani kwake kulikuwa na pasi ya Mama Lameck, sinia la Mama Lameck, na vitenge viwili ambavyo Mama Lameck alikuwa akiviona kanisani na kuvisalimia moyoni kama ndugu waliohama. Siku moja Doreen alipita na chupa mpya ya chai, ya maua mekundu, aliyonunua ng'ambo, Malawi. Aliipitisha makusudi ili ionekane.

"Chupa nzuri hii," Mama Lameck akasema, na kabla wifi yake hajafumba mdomo akawa ameishika kwa mikono miwili. Akaizungusha. Akaipapasa kuanzia kifuniko hadi kitako, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Doreen akameza mate. "Chukua, wifi," akasema kwa sauti iliyokauka. "Nilikuletea wewe."

"Jamani! Ndaga fijo, wifi yangu. Usingejisumbua."

Tatizo ni kwamba mikono yenyewe haikujua utani. Mchana wa jua kali, jasho likiingia kwenye nyufa, Mama Lameck alitamani kuivua kama soksi. Alikuwa amejaribu kila alichoambiwa. Aliosha kwa maji ya moto na chumvi, ikapoa kwa dakika tano, ikarudi na hasira. Alinunua sabuni yenye harufu kali ya maua, akidhani kinachonukia sana kinatibu sana. Alipaka limau, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na Eliud akatoka nje kuona nyoka yuko wapi.

"Si uende zahanati?" Eliud akasema.

"Nitaenda."

Hakwenda. Hesabu yake ilikuwa fupi. Wakisema inaambukiza, aibu. Wakisema haiambukizi, masufuria.

Basi akaendelea kuula. Jumamosi moja alikwenda Kasumulu, mpakani, kununua vitu vya nyumbani. Karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka daraja la Songwe, kulikuwa na binti aitwaye Anyosisye, muuza vitumbua. Vitumbua vyake alivipika kwa mchele wa Kyela wenyewe, vikanukia iliki, na watu walivisubiri kwa msururu: madereva, wabadilisha fedha, mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani. Siku hiyo mbele yake walikuwepo kumi na moja, na Mama Lameck alikuwa na njaa.

Akakunja mikono ya blauzi. Akainua vidole kama mtu anayekagua kucha, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Samahanini wanangu, msinisukume. Jana mmoja kaniegemea, leo naambiwa shavu lote limechubuka."

Msururu ukayeyuka. Dereva mmoja aliacha hadi chenji yake. Mama Lameck akafika mbele, akachukua vitumbua sita kwa binti aliyekuwa ameinamia moshi wa karai bila kumtazama usoni, akavila vya moto akiwa anarudi nyumbani, na akacheka njia nzima peke yake.

Aliporudi wiki mbili baadaye, pale palikuwa na majivu tu na matofali matatu meusi.

"Anyosisye yuko wapi?" akamuuliza Bashiri, mwenye duka la jirani.

"Kaacha," akasema Bashiri. "Hamkusikia? Alikuja mama mmoja hapa ana ugonjwa wa mikono, mbaya, mbaya sana. Watu wakaja kumtazama vizuri yule binti, wakakuta na yeye vidole vyake vimepasuka vile vile. Wakasema kaambukizwa, au yeye ndiye kaambukiza. Hakuna aliyenunua tena hata kimoja. Siku ya tatu kabeba karai lake akaenda." Akamtazama mteja wake mikononi. Mama Lameck alikuwa ameificha ndani ya kitenge. "Wewe ni mama wa wapi vile?"

"Katumba Songwe," akadanganya Mama Lameck, akaondoka haraka.

Safari hii njia nzima hakucheka. Alijaribu kujitetea. Kwani yeye alisema neno gani kuhusu vidole vya binti wa watu? Alitaka vitumbua tu. Lakini kila alipofika kwenye kipengele hicho cha utetezi wake, alimwona Anyosisye akibeba karai, na ladha ya iliki ikamgeukia mdomoni. Kesho yake alimtafuta mpaka akampata nyumbani kwa mama yake, amekaa mlangoni anachambua mchele, mikono imefungwa vitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fungua nione."

Binti akafungua. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo.

"Inakuwasha zaidi lini?"

"Nikishaosha vyombo. Karai, sufuria, zile sahani za wateja. Naosha kutwa nzima, mama. Yaani ninavyoosha ili nionekane msafi ndivyo inavyozidi." Akacheka kidogo, akalia kidogo. "Na ule unga wa vitumbua wala siugusi. Nakoroga kwa mwiko, namimina kwa upawa. Nilijaribu kuwaambia. Nani asikilize?"

Mama Lameck alikaa chini kizingitini. Angeweza kumwambia pole akaondoka. Badala yake akasema, "Yule mama aliyewatisha wateja wako ni mimi."

Anyosisye alikuwa ameuinua tena ungo wake wa mchele. Ungo ukabaki hewani.

"Nilitaka kuruka foleni," Mama Lameck akaongeza, na maneno hayo, yalipotoka nje, yalikuwa madogo na ya kijinga kuliko alivyotegemea. "Nigombeze. Halafu tukimaliza, twende zahanati."

Anyosisye alimgombeza kweli. Alimgombeza kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akaongeza Kinyakyusa, na Mama Lameck akapokea vyote ameinamisha kichwa. Kisha wakaenda.

Nesi wa zahanati aliitwa Jubilate, msichana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyedanganyika. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuunyoosha mkono wake na kuushika wa Mama Lameck, bila glovu, akaushikilia. Mama Lameck hakuwa ameshikwa mkono na mtu asiye mumewe kwa miezi minne.

Jubilate aligeuza viganja, akatazama katikati ya vidole, ndani ya viwiko, nyuma ya magoti. Akauliza maswali. Nyumbani kuna mwingine anayejikuna? Hapana. Analala na mumewe? Miaka thelathini na mmoja, kitanda kimoja, na Eliud ngozi yake laini kama ndizi mbivu. Ukoo wao kuna mwenye pumu? Marehemu mama yake, ndiyo, alikuwa akibanwa kila mvua zikianza. Na yeye alipokuwa mdogo? Mama Lameck akakumbuka kwamba aliwahi kuitwa Kenge shuleni, kwa ajili ya magoti yake.

"Hii ni pumu ya ngozi," Jubilate akasema. "Wengine wanaiita ukurutu. Nyote wawili. Siyo upele ule wa wadudu, ule unaohama nyumba nzima ikajikuna pamoja. Hii haihami. Ngozi yenu imezaliwa na uzio mwepesi. Maji yanatoka, ukali wa sabuni unaingia, ngozi inawaka. Mkijikuna inazidi kuwaka, na mnazidi kujikuna."

"Kwa hiyo haiambukizi."

"Haiambukizi."

Mama Lameck akatazama mlango, akasogea karibu, akashusha sauti. "Binti yangu. Huwezi kusema inaambukiza kidogo tu?"

"Kidogo?"

"Kidogo tu. Kwa masufuria."

Anyosisye akamtazama kwa jicho ambalo Mama Lameck aliona afadhali limau. "Natania," akasema haraka. "Endelea, nesi."

Jubilate akaendelea, na Mama Lameck akasikiliza safari hii kwa masikio yote mawili. Sabuni ya harufu, iondoke. Limau na chumvi, vibaki jikoni. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu, upesi, siyo kujiloweka kama maharage. Kujifuta kwa kugusagusa. Na kabla ngozi haijakauka sawasawa, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kwa wingi, na kurudia kila baada ya kunawa. Krimu ya dawa akawapa, ya kupaka kidogo kwenye sehemu zinazowaka, kwa siku alizowaandikia, siyo zaidi. "Na msije mkanunua zile za mtaani zisizojulikana zina nini, zinawala ngozi." Kucha fupi. Kuosha vyombo, glovu za mpira, na ndani yake za pamba. Wakiona usaha au homa, warudi siku hiyo hiyo.

"Halafu itaisha?" Anyosisye akauliza.

"Itatulia. Itakuja, itaondoka. Mtaijua tabia yake, kama mnavyojua tabia ya ndugu fulani."

Mama Lameck alimfikiria Doreen, akaelewa vizuri sana.

Baada ya wiki tatu mikono ilikuwa imebadilika. Nyufa zilifunga. Rangi ilibaki haijalingana, lakini asubuhi moja Mama Lameck alimaliza kikombe kizima cha chai bila kujikuna, na akagundua kwamba amesikia ladha ya chai. Sasa ilibaki kazi aliyomwahidi Anyosisye: kuurudisha ukweli huko huko alikoupeleka uongo. Angeweza kusimama kikundini na kuhutubia. Ila aliwajua wanawake wenzake. Wangeitikia, wangepiga makofi, halafu wangeketi mbali kama kawaida.

Kikundi kilikutana Jumanne kwa Doreen. Kabla hawajaanza, Eliud alitokea na baiskeli na bakuli kubwa limefunikwa kitambaa cheupe.

"Vitumbua," akasema. "Vya chai yenu."

"Kaka yangu!" Doreen akashangilia. "Mwenye mkono safi." Akagawa mwenyewe, tena kwa kujisifu. Mama Lameck alibaki kwenye kiti chake, mikono imetulia mapajani chini ya kitenge, akihesabu. Mwenyekiti alikula vitatu. Doreen alikula vitano, cha tano akakificha kwanza kwenye leso halafu akabadili nia.

"Vitamu?" Mama Lameck akauliza.

"Vitamu mno," wakajibu.

"Vimepikwa na Anyosisye wa Kasumulu. Yule wa mikono."

Kisha Doreen akapiga ukelele, akaanza kujikuna. Alianza na kiganja, akapanda kwenye mkono, akahamia shingoni. Mwanamke wa pembeni yake naye akajikuna sikio. Muda si mrefu nusu ya kikundi ilikuwa inajikuna.

"Wifi, unawashwa?"

"Nawashwa! Mwili mzima! Umetuua!"

"Umekula sasa hivi, bado hakijafika hata tumboni. Kitakuwa kimepita wapi kufika shingoni?" Akasimama. "Eliud! Vua shati."

"Nini?" akasema Eliud, ambaye alikuwa ameshapanda baiskeli.

"Vua shati, mume wangu. Ni kwa ajili ya afya ya jamii."

Eliud aliwatazama wanawake kumi na wanne, akamtazama mkewe, akakumbuka ameoana na nani. Akafungua vifungo kimoja kimoja kwa mateso makubwa, akageuka nyuma akageuka mbele, anaangalia angani.

"Miaka thelathini na mmoja," Mama Lameck akasema, "huyu analala ubavuni kwangu. Na mikono hii haijamwacha salama, nyote mnaelewa." Wanawake wawili wakaguna kwa raha. "Mnaona doa? Mnaona hata kipele kimoja? Kama inaambukiza, si angekuwa ameshachubuka kama mhogo?" Akaitoa mikono chini ya kitenge, akaiinua. "Ni pumu ya ngozi. Nimezaliwa nayo. Sikuwa na mahali pa kuipeleka hata kama ningetaka kumpa mtu."

"Naweza kuvaa?" Eliud akauliza.

"Vaa, baba. Ndaga."

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuacha kujikuna. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki huuliza maswali yasiyopendeza. "Ulijua lini kwamba haiambukizi?"

"Wiki tatu sasa."

"Na kabla ya hapo?"

Mama Lameck akawaza kudanganya, akachoka na wazo hilo hapo hapo. "Kabla ya hapo sikutaka kujua. Mlikuwa mnanipakulia wa kwanza." Akaendelea kusema yote: benchi, bomba, msururu wa Kasumulu, na binti aliyebeba karai lake kwenda kwao. Aliposema ya Anyosisye sauti yake haikuwa na mzaha. "Mlinitenga mkanikosea. Mimi nikaona utamu wake, nikamfanya mwingine atengwe, asiyekula utamu wowote. Hiyo ni yangu."

Kisha Doreen, mkono bado uko shingoni, akasema polepole, "Na chupa yangu ya chai?"

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wengine wakafuata, isipokuwa Doreen, aliyecheka kesho yake. Uamuzi wa kikundi ulikuwa kwamba chupa irudi, pasi na sinia na vitenge virudi pia, ambalo Doreen hakulitegemea, na kwamba Mama Lameck aoshe masufuria misiba mitatu mfululizo, kwa glovu ambazo kikundi kitanunua. Glovu zilizopatikana zilikuwa nyekundu na ndefu hadi kwenye viwiko. Alionekana kama daktari wa ng'ombe, na hakusamehewa hata sufuria moja.

Jumamosi hiyo wanawake wanane wa Njisi walikwenda Kasumulu wakapanga msururu mbele ya matofali matatu, wakala wakiwa wamesimama, kwa kelele, mahali pa kuonekana. Madereva wanaamini wanachokiona kinaliwa. Siyo wote waliorudi. Bashiri wa dukani alichukua mwezi mzima, na wakala mmoja wa forodha mpaka leo hupita upande wa pili wa barabara.

Joto la kabla ya mvua lilipofika, mikono ya Mama Lameck iliwaka tena. Aliogopa siku moja. Halafu akatoa krimu yake, akapaka mafuta, akahamia kivulini na kazi zake, akaulizia kwa Anyosisye, kumbe na yeye ni vile vile. Wakaanza kukaguana kila Jumamosi, kidole kwa kidole, huyu akimkaripia yule kwa kujikuna.

Walikuwa hivyo, vichwa vimeinamiana juu ya viganja, dereva mgeni aliposimama mbele ya karai. Alinusa, akatabasamu, kisha akaona.

"Dada, hivyo vidole vina nini?"

Mama Lameck akafungua mdomo, lakini Anyosisye alikuwa ameshashika upawa.

"Pumu ya ngozi, haiambukizi," akasema, bila kuficha mkono. "Nikufungie vinne au vitano?"

Dereva akafikiri kidogo.

"Vitano," akasema.